Aliyemjia Leah Mchana

Mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini, Leah aliacha vitu viwili ambavyo lori halikuweza kubeba: nyumba ya tembe aliyojenga na mumewe, na kaburi la mumewe. Alute alikuwa amekufa kwa homa miezi minane kabla. Leah na wanawe wakateremshwa ng'ambo ya kijiji cha Sepuka, wakaonyeshwa kiwanja katika mstari wa nne, wakaambiwa wajenge.

Jambo lenyewe lilianza wakati wa palizi. Walikwenda shamba la kijiji alfajiri, wakarudi saa saba jua likiwaka. Leah, ambaye usiku hakupata usingizi, alijitupa chali juu ya ngozi ya ng'ombe akapitiwa. Mara akazinduka. Aliona dari, alisikia kuku wakiparua nje, lakini mkono haukuinuka wala mdomo haukufunguka. Kifua kilielemewa kana kwamba amekaliwa. Na mlangoni alisimama mtu. Uso haukuonekana, ila ule mkao wa bega moja chini aliujua. Alute.

Alipoweza kunyanyuka, mlangoni hapakuwa na mtu, naye alikuwa analia.

Likamrudia tena na tena. Jirani yake Febronia alishika mdomo. "Hilo ni jinamizi, dada. Kuna mtu anakutesa."

"Si mtu. Ni mume wangu," Leah alisema. "Nimemwacha kule peke yake."

Alipoanza kukonda, Febronia alimvuta mpaka zahanati, kwa tabibu kijana aliyeitwa Bonifasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari."

Bonifasi alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka. "Hata mimi lilinipata chuoni, siku za mitihani," alisema. "Mtu akiota, mwili hulegea asije akatupa mikono. Sasa akili ikiamka kabla ya mwili, unajikuta umefungwa, na ndoto inaendelea macho yakiwa wazi. Halitakuua, mama. Lala ubavu, na usiku jitahidi upumzike. Likija, chezesha kidole kimoja tu."

"Na yule wa mlangoni?"

"Wengi huona mtu. Mimi nilimwona mzee nisiyemjua. Wewe umemwona unayemtaka."

Leah akafuata maneno yale. Majuma mawili yakapita kimya; nguvu zikarudi, chakula kikapita. Lakini kila alipoamka aliutazama mlango kwanza, na moyo ukamwuma.

Ijumaa moja alilala chali kwa makusudi. Likaja: uzito uleule, ukimya uleule. Mlangoni palisimama kivuli, lakini kilikuwa kivuli cha mtu yeyote. Hakuchezesha kidole. Alingoja kigeuke kuwa Alute. Hakikugeuka.

Jumapili alimuaga balozi wa nyumba kumi, akatembea mpaka kwao kwa zamani. Paa la tembe lilikuwa limebomoka, majani yamefunika kaburi. Akayang'oa kwa mikono, huku akimsemesha mumewe Kinyaturu kama walivyozoea.

"Sikukuacha," alimwambia. "Tulibebwa."

Alilia kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka, kisha akaketi pale mpaka jua likaanza kushuka.

Aliporudi, Manase, mwanawe mkubwa, alimpokea kwa kunung'unika. "Mama, ulikuwa wapi siku nzima?"

"Kwa baba yenu," alisema, akitoa miiba kwenye kanga. "Tukivuna tutakwenda wote."