Kishale Kilichotazama Chini

Ngumi ya Sixten ilimpata Roland mdomoni, Roland akaangukia rundo la matairi.

"Ukimgusa tena dada yangu nitakuua."

Roland alitema damu kwenye sakafu ya gereji, akacheka. "Shemeji, wewe ni fundi, si hakimu. Funga kihisi."

Asubuhi hiyo Sixten alimkuta dada yake Gunhild, mke wa Roland, jikoni, jicho limevimba; akammiminia kahawa kana kwamba hakuna lililotokea. Sasa, akili ikiwa bado kule jikoni, alijipenyeza chini ya kiti cha dereva kufunga kihisi hicho, kijisanduku kinachopima jinsi gari linavyojizungusha. Gari likiserereka, kijisanduku huiambia kompyuta, nayo hukamata breki ya gurudumu moja ili kulinyoosha. Ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana hapa Arjeplog, kaskazini mwa Sweden, ambako magari mapya huletwa kuteswa kwa majaribio juu ya ziwa lililoganda.

Desturi yao ni kwamba fundi aliyefunga kihisi hupanda na dereva, wakazunguka taratibu kwanza. Roland, dereva wa majaribio, alimbamizia mlango usoni.

"Leo sipandi na wewe."

Akaondoka kwa kasi. Sixten aliinama kuokota spana, na hapo akakumbuka. Kishale kilichochorwa kwenye uso wa juu wa kijisanduku hakukiona alipokuwa akikaza skrubu. Basi amekifunga kichwa chini. Kulia kitasoma kushoto, na breki zitalisukuma gari kulekule linakoserereka.

Akanyakua simu ya upepo. Kidole kilikuwa kwenye kitufe, na jicho la Gunhild lililovimba likamjia akilini. Hakubonyeza. Alitaka yule mtu aumie. Alitaka kwa moyo wote.

Kisha akabonyeza. "Roland, simama! Usiingie kwenye kona!"

Gari lilikuwa limeshaingia. Kitako kiliponyoka, breki zikakamata upande usiofaa, likazunguka kwa ghadhabu, likavunja ukingo wa theluji na kujibwaga ubavu juu ya mawe ya ufukweni.

Sixten alikimbia akianguka na kuinuka. Alivunja kioo kwa spana, akafungua mkanda, akamburuta shemeji yake nje. Mkono mmoja wa Roland ulining'inia vibaya.

"Kihisi?" Roland aliuliza.

"Nilikifunga kichwa chini."

"Ulikusudia?"

"Kukifunga hivyo, hapana."

 Roland akaupitisha mkono uliobaki mzima shingoni mwa Sixten, akaukaza. Sixten hakujua kama anashikiliwa au ananyongwa. Alimwinua hivyo hivyo, wakaanza kutembea juu ya barafu.