Utepe wa Wifi

Mimi si mjinga. Nasema mapema, maana habari hii itanifanya nionekane hivyo. Mtu akinirushia kijembe nakidaka hewani kabla hakijatua. Nimelelewa na mashangazi wanne ambao hata chumvi waliombana kwa mafumbo. Kwa hiyo wifi yangu alipoanza kusoma kitabu chake mlangoni pangu kila asubuhi, nilijua papo hapo kwamba nasemwa mimi.

Wifi huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa karani wa masjala miaka thelathini na moja, kazi yake kutunza mafaili. Mume wangu husema faili likisogezwa dada yake akiwa likizo, siku ya kurudi alilijua kabla hajavua koti. Mwaka jana alifiwa na mumewe, akastaafu, akatakiwa kuiacha nyumba ya kazini, yote ndani ya miezi mitano. Akaja kwetu na begi moja, na kitabu cha mashairi ya kiroho na mifano, chenye utepe mwekundu wa kushika ukurasa.

Siku aliyofika, alipoingia kuoga, nilimwambia mume wangu, "Mwezi mmoja. Si zaidi." Ukuta wa bafu letu ni mbao nyembamba. Maji yalikuwa yakimwagika, yakanyamaza, kisha yakaanza tena. Tangu hapo sikujua kama alinisikia, na kule kutojua ndiko kulikonila.

Mimi ni dobi. Chumba cha mbele ndicho karakana yangu: pasi mbili, meza ndefu iliyotandikwa blanketi, ndoo ya wanga, na uani kamba tatu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi pasi zimeshawaka. Na hapo ndipo alipokuja kila siku. Anaweka kigoda kizingitini, eti ndipo penye mwanga, anafungua kwenye utepe, anasoma ukurasa mmoja kwa sauti, taratibu, halafu anafumba macho, kiganja juu ya kitabu, robo saa nzima. Nilimuuliza kimya hicho cha nini. Akaniambia maneno haya hayamezwi, yanatafunwa. Nikaelewa: anangoja yaniingie.

Na yaliniingia kweli. Juma la kwanza nilisahau bomba la uani likitiririka. Asubuhi yake akasoma habari ya wanawake wawili kisimani, mmoja akifunika ndoo yake, mwingine akimwaga njia nzima. Juma lililofuata nilimfokea mume wangu kwa sababu ya viatu vyake vya matope. Asubuhi yake, habari ya mtu aliyefuga simba kinywani. Nikasema haya, yawezekana ni bahati mbaya. Lakini kuna siku alisoma shairi hili, nami nimeshika pasi mkononi:

"Wafua nguo za watu, zikaanza kutakata,
Moyo wako una kutu, sabuni hujaipata."

Sasa niambie wewe. Katika nyumba ile dobi ni nani? Mume wangu ni fundi bomba. Paka hafui. Nilibonyeza pasi juu ya kola ya mteja hadi mvuke ukanijaa usoni. Wifi alipofumbua macho alijifuta kwa ncha ya khanga, nami nikajisemea, tazama, kanichoma halafu anajifanya mvuke umemwingia.

Alipokwenda dukani nilikifungua kitabu. Nilitaka kujua kama mistari ile imo kweli, au anaitunga papo kwa papo. Ilikuwamo. Nikafuatilia utepe siku sita mfululizo: ulisogea ukurasa mmoja kila siku, haukuruka hata mara moja. Mtu mwenye roho safi angeridhika. Mimi nikasema, kumbe hodari zaidi ya nilivyodhani, alianza kitabu kwa hesabu, ili kila ukurasa unifikie siku yake. Ukishashuku, hata ukweli unauona una mkono wa mtu.

Nikampelekea mume wangu mashtaka. Akanisikiliza akifunga uzi kwenye kiungo cha bomba, akasema yeye huzibua mifereji, maneno hajui kuyazibua. Nikamwambia dada yako ananisimanga ndani ya nyumba yangu. Akaniuliza amesema nini. Nikamwambia amesoma. Akarudia, kwa upole unaokera, "Amesoma?" Nikamwacha na bomba lake.

Sitaki nidanganye, wifi hakuwa mzigo. Yeye ndiye aliyeanza kushonea kila nguo kibandiko cha rangi, uzi wa bluu wa mwalimu, wa kijani wa mwenye duka la dawa, na tangu hapo halikupotea hata shati moja. Alifagia kabla sijaamka. Alikula kidogo. Lakini unajua shuka yenye kunguni mmoja inavyolalika? Wema wote ule niliuona ni njia ya kunifanya mbaya.

Mwezi ukapita, ikawa miwili, ikawa minne. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilitaka kumpa njia. Ila sikutaka niseme mimi, watu wasije wakasema nimemfukuza mjane. Basi nikaona nimjibu kwa lugha yake.

Jioni moja alikuwa uani akianua nguo. Nikapekua kitabu harakaharaka mpaka nikapata nilichokitaka. Utepe nikautoa ulipokuwa, nikaulaza pale, nikakirudisha kitabu juu ya begi lake. Nilikuwa na furaha, nikiri tu.

Asubuhi akaja na kigoda. Akafungua. Akautazama ukurasa, muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akasoma. Ilikuwa habari ya mgeni aliyebisha hodi wakati wa baridi. Mwenye nyumba akamkaribisha motoni. Kuni zikaisha, mgeni akawa bado anaota. Mwenyeji akachoma viti, akachoma meza, mwisho akang'oa mlango wake mwenyewe akautia motoni, na mgeni akanyoosha miguu akasema, nyumba yako ina joto zuri, ila naona upepo unaingia.

Alisoma yote, neno kwa neno, kwa sauti ileile. Akafumba macho robo saa. Mimi napiga pasi shati la mwalimu, masikio yamesimama, moyo unaniambia, leo limempata.

Akainuka, akaenda chumbani. Nikasikia zipu ya begi. Alirudi amevaa viatu vyake vya kazini, begi mkononi. Akaniambia vibandiko vya nguo za juma lote ameshavitayarisha, viko kwenye kopo. Akaniambia atakwenda kwa mwenzake wa zamani wa masjala, aliyewahi kumtajia kwamba ana stoo isiyotumika. Akanishukuru kwa kumhifadhi. Nilimsikiliza kwa makini sana, kila neno, nikitafuta kijembe. Hakikuwamo. Akavuka kizingiti akaenda.

Nikabaki na ushindi wangu. Nilidhani nitacheka. Badala yake nikawa nahesabu asubuhi zote zile, kurasa zaidi ya mia, zimekuja kwa zamu yake kila mmoja, na ni mmoja tu uliowekwa kwa makusudi ili umchome mtu. Niliuweka mimi. Mjane wa miaka sitini anakwenda kulala stoo kwa ajili ya mkono wangu. Aibu ilinishika hadi miguuni. Nikatoka mbio na aproni yangu.

Nilimkuta kwenye kona ya fundi viatu, amelitua begi chini, anapumzika. Nilikuwa nahema. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na lililo kubwa.

"Wifi, ule utepe niliusogeza mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Leo ilikuwa zamu ya ukurasa wa chungu," akasema. "Nimetunza mafaili ya watu miaka thelathini na moja, nisijue ukurasa uliotoka mahali pake?"

Nikamuuliza kama alijua, kwa nini basi aliusoma mpaka mwisho. Alinitazama bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira.

"Siku zote nasoma mimi, wewe unasikia unavyotaka. Leo umesoma wewe. Nikaona adabu ni kusikiliza."

Fundi viatu aliinama zaidi juu ya soli yake. Mimi sikuwa na pa kuinama. Nikaanza kujitetea, nikamwambia hata yeye alikuwa ananisema, bomba, simba, na lile la kufua, nani mwingine pale ni dobi? Ndipo akastaajabu kweli. Akawa kama anarudi nyuma kuitafuta siku ile.

"Lile ni langu," akasema. "Mume wangu alikufa tukiwa na siku nne hatusemezani. Kwa jambo dogo, hata sikuambii. Siku zote nne nilimfulia mashati yake, nikayapiga pasi, nikayapanga kabatini. Salamu tu ndiyo sikumpa. Wewe ulikuwa umejaa mvuke usoni, hukuniona nalia."

Nilimwona. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilimwona akijifuta, nikasema anaigiza.

Nikalia pale kona, mtu mzima, na aproni yenye wanga. Sikulia kwa adabu. Nikalishika begi. Naye akalishika, hakuliachia.

"Ukinirudisha, ni kwa mwezi ule ule mmoja?"

Kumbe alisikia. Miezi minne amekula mezani kwangu, ameshona vibandiko vyangu, na sentensi ile anayo. Nilitaka kusema nilikuwa nimechoka siku ile, nilikuwa na hasira, nikaona yote ni kujifunika khanga iliyochanika.

"Nilisema," nikamwambia. "Na nilikuwa na maana hiyo. Sasa sitaki uondoke. Nyumba ni ndogo na mimi ni hivi unavyoniona, lakini sitaki uondoke."

Akafikiri. Hakuharakisha, alilitafuna kama anavyotafuna kurasa zake. Kisha akaliachia begi, nikalibeba mimi.

Tulipokata kona ya kwetu tukakutana na harufu. Nikamtazama wifi, wifi akanitazama, nikakimbia na begi. Pasi ilikuwa imelala kifudifudi mgongoni mwa shati la mwalimu. Pande zima, umbo kamili la pasi, rangi ya kahawa. Blanketi chini yake nalo limetoboka. Nilichomoa waya, nikafungua madirisha, nikakaa juu ya ndoo ya wanga nikimfikiria mwalimu na ulimi wake.

Wifi alivuta kigoda, akakiweka kizingitini mahali pake, akakitoa kitabu. Akarudisha kurasa nyuma, akaulaza utepe mahali pake, akasoma. Ilikuwa habari ya mwanamke aliyeacha chungu motoni akamkimbilia mwenzake njiani. Chakula kikaungua, majirani wakamcheka. Yeye akapakua ukoko, akaula na mwenzake, na wote wawili wakashiba.

Damu ikanipanda. Nikamkazia macho.

Akakigeuza kitabu kunielekea, nione utepe ulipolala na namba ya ukurasa, na nyuma yake ukurasa wa jana. Nikanyanyuka, nikaenda, nikahakikisha kwa kidole. Ilikuwa zamu yake.

Basi nikarudi kwenye ndoo yangu, nikafumba macho na mimi.