Pikipiki ya Mpima Ardhi

Jumatano saa mbili asubuhi, mkereza alikuwa uani na injini ya pikipiki juu ya meza ya kupigia pasi, gazeti la wiki iliyopita limetandikwa chini yake. Ilikuwa siku ya nne tangu amimine mafuta ya taa ndani ya silinda. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania humo kama kupe, na chuma kilichoshikwa na kutu hakitaki hasira, kinataka kusubiriwa. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa amekwisha kulalamika mara mbili kuhusu meza, na sasa alikuwa amesimama mlangoni akijiandaa kwa mara ya tatu.

"Mama, meza hiyo ni ya nguo za watu."

"Nguo za watu zipigie pasi kitandani."

Kwa miaka thelathini na mmoja mwanamke huyu alikereza vyuma katika karakana ya reli: mashine inazungusha chuma, yeye anakichonga kwa kisu mpaka kinakuwa kile anachokitaka. Kisha karakana ikafungwa, mashine zikauzwa, naye akaambiwa apumzike. Binti yake alimpigia simu kila Jumapili kumwambia apumzike. Mumewe naye akamwambia apumzike. Alipumzika miaka miwili mpaka akaanza kukonda. Ndipo siku moja akaenda kwenye mnada wa vyombo vilivyokamatwa barabarani, akarudi na pikipiki yenye umri mkubwa kuliko ndoa yake. Haikuwa na kiti wala taa ya nyuma, na nyigu walikuwa wamejenga ndani ya bomba la moshi.

Mtu akapiga hodi. Alikuwa mwanamume mwembamba aliyevaa suruali iliyonyooshwa vizuri, mkononi ana karatasi iliyofungwa kwenye nailoni.

"Samahani, fundi. Nimekuja kuulizia pikipiki yangu."

"Yako? Mimi nimeinunua."

"Sikatai. Lakini mimi sijaiuza."

Alieleza mapema kwamba alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita, ili wasije wakahangaika na chai. Fundi cherehani akamletea kiti hata hivyo. Hapo pakazuka suala la salamu. Mkereza alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mgeni alizaliwa miaka minne kabla yake, lakini alikomea hamsini na nne. Kila mmoja akasubiri shikamoo ya mwenzake. Mwishowe wakaambiana "habari za asubuhi" na yakaisha.

Alikuwa mpima ardhi. Miaka kumi na tisa iliyopita alitumwa kupima uwanja wa shule ya msingi, akauzungushia mawe ya mpaka ishirini na mawili. Mheshimiwa mmoja aliyetaka kujenga karibu na pale alimwita ofisini, akamwambia ayasogeze mawe tisa kwa hatua arobaini, kuelekea ndani ya uwanja. Mpima akasema mawe hayana miguu. Kesho yake asubuhi alisimamishwa barabarani kwa sababu taa ya nyuma ya pikipiki ilikuwa na ufa. Pikipiki ikachukuliwa, akapewa stakabadhi na kuambiwa aje kesho. Kesho yake akaambiwa aje kesho. Wiki hiyohiyo, yeye akiwa kwenye benchi la kusubiri, watu wengine waliyasogeza mawe.

"Mwaka wa nane," alisema, "nilikuwa kwenye benchi na namba kumi na saba mkononi. Moyo ukasimama. Namba kumi na saba ilipoitwa nilikuwa nimeshakufa, lakini ilikuwa ni zamu yangu, nikaenda dirishani."

"Wakakwambiaje?" aliuliza fundi cherehani.

"Njoo kesho."

"Na mkeo?"

"Alichoka. Simlaumu. Asubuhi nilimpa benchi, jioni nilimpa hasira. Aliolewa na mtu anayekaa nyumbani."

Juzi ndiyo karani alimwambia pikipiki imepigwa mnada, akampa anwani ya aliyeinunua. Alimpa bila kuinua macho, kama mtu anayetoa chenji.

Mkereza aliisoma stakabadhi mbele na nyuma. Uwanja ule aliujua. Alisoma pale, na jino lake la mbele lilivunjikia pale siku ya mbio za kupokezana vijiti. Siku hizi watoto wa shule hiyo walichezea ukingoni mwa barabara, na mwaka uliopita gari lilikuwa limempitia mmoja wao mguuni.

"Sikiliza, bwana," alisema. "Kitu kibovu hakina mwenyewe, kina lawama tu. Tuitengeneze kwanza, tugombane baadaye."

Basi wakaitengeneza. Mpima alikuja kila siku saa mbili kamili na kuondoka saa tisa na nusu, kwa mazoea ya ofisini. Pistoni iliachia siku ya sita, kwa sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi. Ndani walikuta ringi zimekatika na jino moja la gia limelika kabisa. Gia ya namna hiyo haikuwa ikitengenezwa tena popote. Mkereza aliingia sebuleni, ambako kando ya televisheni aliweka mashine ndogo ya kukerezea aliyoinunua karakana ilipofungwa, akafunga kipande cha chuma, akakizungusha. Alikesha? Hapana, alikuwa mtu wa kazi za mchana. Ilimchukua michana minne. Vumbi la chuma likaingia kwenye mto wa kochi, na fundi cherehani akanyamaza, kwa kuwa alikuwa hajamwona mkewe akipiga mluzi tangu karakana ifungwe.

Mpima alifaa kwa kazi. Alishika vyuma vya moto bila koleo, na alijua kila nati ilikokuwa ikilia. Kilichomuudhi mkereza ni kwamba mikono yake haikuchafuka.

"Mtu anayeshika grisi siku nzima akatoka msafi," alisema, "mimi namtilia shaka."

"Nilikuwa nachafuka zamani," alijibu mpima, na akaonekana kuhuzunika kidogo.

Walisugua tangi kwa msasa mpaka rangi tatu zikatoka na ya nne, ya kijani, ikabaki. Walisafisha kabureta kwa mswaki. Walikaza spoki mojamoja. Mkereza akafunga taa mpya ya nyuma, kubwa, isiyo na ufa. Fundi cherehani alishona kiti kwa ngozi nyeusi na uzi mwekundu, mshono mara mbili. Kwa kuwa hakuulizwa, alishona kirefu, cha watu wawili.

Siku ya ishirini na tatu mkereza alipiga kiki mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu pikipiki ikakohoa, ikatema kiota cha nyigu, ikanguruma. Mpima aliweka kiganja juu ya tangi akakiacha hapo.

"Panda basi, ijaribu," mkereza alimwambia.

Alipanda, akapiga kiki ya kuonyesha. Kiki haikushuka hata kidogo.

"Mguu hauna uzito," alisema. "Ndiyo maana sikuja kuichukua, fundi. Nilikuja kuomba lifti."

Kwanza walikwenda dirishani, maana mkereza alitaka mambo yawe na karatasi. Karani alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo. Alimtambua mpima, akamkaribisha kwa kichwa. Mkereza akaeleza: ameinunua kihalali, anataka iandikwe jina lake, na mwenyewe wa zamani huyu hapa, yuko tayari kutia saini.

"Marehemu haruhusiwi kutia saini," alisema karani.

"Basi bado ni yangu," alisema mpima.

"Marehemu hana mali."

"Basi ni ya dada huyu."

"Bila saini yako haiwezi kuwa yake."

"Sasa ni ya nani?" mkereza aliuliza.

Karani alivaa miwani, akapekua daftari, akavua miwani.

"Njooni kesho."

Mpima alikwisha kufungua mdomo kusema ahsante. Miaka kumi na tisa alikuwa amesema ahsante kwenye dirisha lile. Mkereza alimshika mkono, mkono ambao ulikuwa baridi kama spana ya asubuhi, akainamia tundu la dirisha.

"Dada, kesho hatuji. Andika hapo kwamba hatuji."

"Hakuna mahali pa kuandika hivyo," alisema karani.

"Andika pembeni."

Watu wa kwenye benchi wakageuza shingo. Karani aliwaza kidogo, kisha akaandika pembeni. Nyumbani, fundi cherehani alisikiliza habari yote huku ana sindano mdomoni, akakata kipande cha ngozi ukubwa wa kibao cha namba, akakitarizi kwa uzi mwekundu: INA WENYEWE. Kikafungwa nyuma, juu ya taa.

Alhamisi saa sita na nusu waliondoka. Mkereza aliendesha, mpima akakaa nyuma na daftari lake la vipimo limefunguliwa gotini. Walianzia kwenye jiwe la kwanza, nyuma ya vyoo vya shule, ambalo halikusogezwa.

"Nyoosha," alisema mpima. "Kulia nusu hatua. Hapohapo. Usifuate barabara, barabara imekosea."

Mbele kulikuwa na ukuta wa Mheshimiwa, wenye vipande vya chupa juu. Mkereza alitaka kushika breki.

"Twende tu, fundi."

Akaongeza mafuta. Ukuta ulikuwa umejengwa mahali pasipo pake, kwa hiyo haukuwa na la kusema. Wakapita. Walivuka bustani, wakavuka bwawa la kuogelea bila kulowa, na nyuma yao mstari wa tairi ukabaki juu ya maji. Wakaingia sebuleni kwa upande wa kabati la vyombo.

Mheshimiwa na mkewe walikuwa mezani wakila. Mheshimiwa alikuwa amezeeka na shavu lake moja limelegea.

"Hodi," alisema mpima, kwa kuchelewa kidogo.

"Karibuni," alisema mke wa Mheshimiwa, kwa mazoea.

Mheshimiwa aliweka kijiko chini. Alimtazama mpima kwa muda, bila mshangao, kama mtu anayetafuta jina la mwanafunzi mwenzake wa zamani.

"Nilikwambia uyasogeze," alisema.

"Na mimi nilikwambia siyasogezi."

"Uwanja umeshakwenda. Hati ninazo."

"Hati unazo. Mimi nina vipimo. Inua mguu, mzee, mpaka unapita hapo."

Mheshimiwa akainua mguu. Pikipiki ikapita chini ya meza palipokuwa na nafasi na katikati ya meza pasipokuwa nayo, ikatokea jikoni, ikamaliza mawe yote ishirini na mawili. Mpima aliyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine, na kwenye yale tisa yaliyosogezwa sauti yake ilipanda mpaka watoto wa shule wakatoka madarasani kusikiliza. Walipofika tena nyuma ya vyoo alikuwa analia. Machozi yalimwachia mistari myeusi ya grisi usoni, na mikono yake ilikuwa michafu hadi kwenye viwiko. Mkereza aliona, akampa kitambaa.

Mstari wa tairi haukufutika. Watumishi wa Mheshimiwa walisugua vigae kwa sabuni, kisha kwa tindikali, kisha vigae vikang'olewa na kuwekwa vipya, na mstari ukatokea juu ya vipya kabla saruji haijakauka. Walibadilisha maji ya bwawa. Mstari ukalala juu ya maji mapya.

Mwalimu mkuu wa shule aliwakusanya wazazi, wakaenda ofisi ya ardhi. Walipokewa vizuri na wakapewa viti. Ofisa alikubali kwamba mstari upo, alikuwa ameuona mwenyewe alipoalikwa kula kwa Mheshimiwa. Lakini akafungua ramani, akawaonyesha kwamba kwenye ramani mstari huo haupo, na kinachotambulika ni ramani. Mpima, aliyesimama nyuma ya mwalimu mkuu, akasema ramani ya kwanza aliichora yeye. Ofisa akasema hana shaka na hilo, akawashukuru wote kwa kuja.

Nyumba ikabaki ilipo. Ukuta ukapakwa rangi upya. Watoto wakaendelea kuchezea barabarani.

Na kila Alhamisi saa sita na nusu pikipiki ilipita. Kwa Mheshimiwa walizoea. Mkewe alihamisha viti mapema, akaweka glasi mbali na ukingo, na baadhi ya siku aliuliza kama wangependa maji. Mheshimiwa alijifunza kuinua mguu bila kuacha kutafuna.

Jambo hili lilimkera mkereza kuliko ukuta wenyewe. "Wameanza kutuona kama upepo," alimwambia mumewe. Wiki iliyofuata alifunga honi ya lori, akaipiga tangu jiwe la kwanza hadi la ishirini na mbili, bila kupumzisha kidole. Binti yake alimpigia simu Jumapili, akamwambia, mama, utaumwa, si upumzike tu. Mkereza alimjibu kwamba hasikii vizuri, kuna honi.

Miezi saba baadaye, tairi la nyuma liliisha. Muuza vipuri alimletea matatu achague: la barabara nzuri, la njia zote, na la kupandia milima, lenye meno makubwa kama ya trekta. Mpima alisema la kwanza linatosha, mwendo wenyewe mfupi.

Mkereza akachukua la tatu.