Bunduki ya Bure

Kilichomtia Ephraim shaka kabla ya kingine chochote ni kwamba Anicet hakutaka kitu.

Walikuwa katika karakana nyuma ya nyumba ya Anicet, kule Sydenham, mtaa mmoja wa Durban, mahali ambapo watu wachache wenye ugonjwa mmoja walizoea kukutana Jumamosi alasiri. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kukusanya bunduki za upepo za zamani: zile ambazo mtu huvuta wenzo kwa nguvu za mkono mpaka springi ijikunje na kunaswa, kisha akifyatua, springi husukuma pistoni, pistoni husukuma hewa, na hewa hurusha kipande cha risasi kidogo kama punje ya dengu. Mafundi waliozitengeneza wamekwisha kuoza makaburini. Aliye nayo hana budi aitunze mwenyewe, ajue kukata kikombe cha ngozi kinachofunika kichwa cha pistoni, akilainishe kwa mafuta ya kwato za ng'ombe, na asithubutu kuifyatua tupu.

Karakana ile ilikuwa na desturi iliyoshikwa kwa uaminifu ambao baadhi ya wanachama hawakuwa nao hata katika ndoa zao. Bunduki haikuuzwa, wala haikutolewa zawadi. Ilibadilishwa kwa bunduki. Walikubaliana hivyo kwa sababu fedha huzaa magomvi, na zawadi huzaa deni ambalo mtu hajui litadaiwa lini.

Sasa Anicet alikuwa amefunua blanketi juu ya meza, na chini yake ililala bunduki ya Birmingham iliyotengenezwa kabla ya vita, yenye wenzo uliofichwa chini ya mtutu na kitako cha mbao ya mjozi kilichopigwa weusi na mikono ya watu. Ephraim alikuwa ameitafuta bunduki ya aina hiyo tangu alipohamia Durban. Kila mtu pale alilijua hilo, kwa kuwa hakuwa na hadithi nyingine.

"Shika, mzee. Iko yako," alisema Anicet.

"Unataka ipi?"

"Sitaki kitu."

"Nitakupa ile ya Kijerumani. Ninayo pamoja na kasha lake."

"Mzee Ephraim, ninasema sitaki kitu. Masikio yako iko na shida?" Anicet alicheka, lakini alicheka akiutazama mlango. "Beba tu. Funga na blanketi, majirani wasione."

Ephraim aliibeba. Alipokuwa akiifunga aligundua kwamba ukuta wa karakana, ambao siku zote ulikuwa umejaa bunduki za Anicet, ulikuwa na misumari mitupu.

Ephraim alikuwa mkaguzi wa madai ya bima. Waliletwa mbele yake wenye magari yaliyowaka moto yenyewe na wenye maduka yaliyovunjwa wiki ileile yalipokatiwa bima, naye alilipwa mshahara kwa kutowaamini. Kazi hiyo ilikuwa imemwingia mwilini kama baridi yabisi. Alipofika nyumbani Glenwood aliiweka bunduki juu ya gazeti na kuizunguka, mikono nyuma.

"Imekuja na hirizi?" aliuliza mkewe, Atuganile.

"Amenipa bure."

"Basi mshukuru."

"Mtu hatoi bure kitu kama hiki, mama. Ama si halisi, ama si chake, ama kuna jambo atakuja kuniomba."

Atuganile aliinua kikombe chake cha chai. "Wewe ukifika mbinguni utamdai Petro kitambulisho."

Ephraim hakuona kwa nini asimdai.

Uwezekano wa kwanza ulikuwa rahisi kuuchunguza. Bunduki za zamani hughushiwa kama noti: mtutu wa moja huunganishwa na kitako cha nyingine, kisha namba iliyogongwa juu ya chuma husagwa na kugongwa upya ili sehemu zote zifanane. Aliikagua kwa lenzi. Namba ilisomeka, lakini ilifunikwa na ule wekundu wa kahawia ambao chuma cha zamani hujivika chenyewe kwa miaka mingi. Wekundu huo ndio cheti cha kuzaliwa cha bunduki. Unaweza pia kupikwa kwa tindikali katika sufuria, na akipatikana fundi mwenye subira, macho hayatambui.

Uwezekano wa pili aliletewa kwenye simu. Cédric, mwanachama mwenzao aliyekuwa na saluni karibu na soko, alipiga akiwa na sauti ya mtu anayekula karanga.

"Mzee, weye ulionaka ukuta ya Anicet? Bunduki zote zimeisha! Na duka lake la simu, leo nimekuta mutu mwingine anauza. Namuuliza, Anicet iko wapi? Ananiambia, patron ni mimi."

"Amesema kwa nini?"

"Anicet? Siku hizi ukimuuliza saa, anakuuliza unataka saa ya kufanya nini. Eish. Iko kitu."

Ephraim alishukuru na kukata simu. Mtu anayetawanya mali yake kimyakimya na kukwepa maswali alikuwa amemkuta mara nyingi kazini, na kila mara habari ilikuwa ni ileile. Bunduki iliyokuwa juu ya gazeti ilianza kumtazama kama kidhibiti cha mahakamani. Ikiwa ni ya wizi, polisi hawangeikuta Sydenham, wangeikuta kwake.

Basi alifanya jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amewakataza wengine kwa maneno makali. Kwa wakusanyaji, kuusugua wekundu wa bunduki ya zamani ni kuiua; Cédric aliwahi kung'arisha moja kwa sufu ya chuma, na Ephraim alimhubiria mpaka akakaribia kulia. Lakini Ephraim alihitaji kuona chuma chini ya namba, kwa kuwa namba iliyogongwa upya huacha makovu ya kusagwa. Alilowesha kitambaa kwa dawa ya kutolea kutu na kusugua. Hakuona makovu. Akasugua zaidi, akidhani yamefichwa ndani. Aliendelea mpaka upande mzima wa namba ukang'aa kama kijiko cha harusi, na pale, katika mwanga mkali wa dirisha, namba ilisimama safi, ya asili, kama ilivyogongwa na mtu wa kwanza.

Bunduki ilikuwa halisi kabisa, na yeye alikuwa ameiharibu ili alijue hilo.

Mtu mwingine angejuta. Ephraim pia alijuta, kwa kadiri yake, lakini juto halikuondoa hoja. Kinyume chake, liliipa nguvu. Kama haikughushiwa, basi thamani yake ilikuwa kubwa zaidi, na sababu ya kuitoa bure ilikuwa imezidi kuwa mbaya. Kesho yake, alipotoka kazini, aliendesha gari moja kwa moja hadi Sydenham, bunduki ikiwa kwenye kiti cha nyuma.

Mlango ulifunguliwa kidogo tu. Marie-Louise, mke wa Anicet, alichungulia.

"Shemeji, hujambo. Nimemfuata bwana."

"Nani amekutuma?"

"Sikutumwa na mtu."

"Kila mutu anasema hakutumwa." Hakusogea. Nyuma yake, sebuleni, Ephraim aliona masanduku makubwa yaliyofungwa kamba, na sakafu isiyo na zulia.

Anicet alitokea na kumsogeza mkewe taratibu. "Muache aingie."

"Papa Israël," Marie-Louise alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "tulisema nini?"

"Ameshaona. Muache."

Ephraim aliingia, akaweka bunduki juu ya sanduku na kuifunua. Alikuwa ameandaa maneno yake garini, akiyapanga kama ripoti.

"Bwana Anicet, nataka kujua bunduki hii ilitoka wapi, na kwa nini unakimbia."

Anicet aliinama juu ya bunduki. Alikuwa anaitazama ile sehemu iliyong'aa. Aliigusa kwa kidole, polepole, kama mtu anayegusa paji la mgonjwa.

"Umeisugua."

"Nilikuwa nahakikisha."

"Weye? Mzee Ephraim?"

"Nilikuwa nahakikisha namba."

"Na umehakikisha?"

"Ndiyo."

"Kweli, vraiment." Anicet alikaa juu ya sanduku jingine. "Sikiliza. Tunaenda Canada. Dossier yetu, ile faili ya ukimbizi, ilikaa miaka mpaka nikasahau. Sasa imekubaliwa, Jumatano tunapanda ndege. Hatukuambia mutu. Weye unamkumbuka Doudou, yule wa pale Overport? Alifurahi, akafanya karamu, akaalika watu. Kabla ya safari mutu akaandika barua bila jina, akasema Doudou ni mwongo, si mkimbizi. Wakasimamisha dossier. Mpaka leo iko hapa, anasuka nywele za watu."

"Kwa hiyo watu wote wanakuwa washukiwa," alisema Ephraim.

"Weye ndiye unaniambia hivyo?" alidakia Marie-Louise.

Anicet aliendelea kana kwamba hakuna aliyesema. "Bunduki haziruhusiwi kusafiri. Nilikuwa na nyingi. Iko mzee moja kule Bluff, alikuwa na hii, hakutaka kuiachilia. Nikampelekea zangu zote. Zote, kwa hii moja. Kwa sababu nilijua weye unaitafuta, na mimi sitakuwa hapa kukuona ukiitafuta."

Ephraim aliuliza, "Una hati ya makubaliano na huyo mzee?"

Marie-Louise alipiga makofi mara moja, kwa mshangao, akaingia jikoni.

"Hapana, mzee," alisema Anicet kwa upole. "Sina hati. Rudi nayo nyumbani. Na hiyo pale usipake kitu, wekundu utarudi wenyewe. Itachukua muda, ndiyo."

Ephraim alirudi nayo. Njiani, kwenye kila roboti nyekundu, kama wenyeji wanavyoziita taa za barabarani, aliirudia hadithi akitafuta ufa. Ilikuwa hadithi nzuri, na hilo ndilo lililomsumbua. Hadithi zilizomfikia mezani kazini zilikuwa nzuri kadiri zilivyokuwa za uongo. Safari ndicho kisingizio chepesi kuliko vyote, kwa kuwa msikilizaji hushikwa na huzuni na kusahau kuuliza. Kila mtu anaweza kufunga masanduku. Anayeondoka kwenda Canada, na anayekimbia wadai kwenda Cape Town, hutumia kamba ileile.

Jumatano alimwambia Atuganile kwamba kuna dai la kukagua. Halikuwa neno la uongo kabisa. Alifika uwanja wa ndege mapema, akanunua kahawa asiyoinywa, na kusimama kando ya nguzo mahali ambapo mtu huiona foleni bila foleni kumwona.

Walikuja. Walikuwa na yale masanduku, watoto waliovishwa makoti yasiyofaa joto la Durban, na kila mmoja shingoni alikuwa na mfuko wa plastiki wenye nembo ya shirika la kusafirisha wakimbizi, ambamo karatasi zao zilionekana. Ephraim alisogea kidogo ili asome nembo. Anicet aligeuka.

Aliacha foleni. Aliacha sanduku likaanguka, akaja mbio akiwa amefungua mikono, na watu wakampisha.

"Mzee Ephraim! Nilimwambia! Nilimwambia mke wangu, yule mzee atakuja kutuaga, weye humjui!"

Alimkumbatia kwa nguvu kiasi kwamba kahawa ilimwagika kwenye koti la Ephraim. Alikuwa analia bila aibu. Ephraim alisimama wima, mikono yake ikitafuta pa kukaa, na mwishowe ikatua mgongoni mwa mwenzake.

"Umekuja kutuaga," alirudia Anicet.

Tamko hilo halikuwa na ushahidi wowote. Lingeletwa mezani kwake, angelikataa kabla ya chakula cha mchana.

"Nimekuja kuwaaga," alisema Ephraim.

Anicet alifuta uso na kurudi mbio kuokota sanduku. Marie-Louise, aliyekuwa amemfuata mumewe hatua chache nyuma, hakurudi papo hapo. Aliitazama ile nguzo, kisha kahawa, kisha macho ya Ephraim, na akasogea karibu ili watoto wasisikie.

"Sasa umeona?" aliuliza.

"Nimeona, shemeji."

"Basi rudi kazini."