Barke Aitwa Kukana Maziwa Yake

Tahir aliwaacha walinzi wake barabarani na viatu vyake kizingitini, akapita moja kwa moja hadi uani, kama alivyozoea tangu alipojua kutembea. Barke alikuwa kichwa wazi, akibandua mikate ya mofa. Hakuhangaika kutafuta mtandio. Nani ajifunikaye mbele ya mwanawe?

"Umekonda," alimwambia. "Hao wanaokupigia saluti hawakupi chakula?"

"Wananipa, mama. Ila hawajui kupika."

"Basi kaa ule. Hata mkuu wa nchi ana tumbo."

"Bado sijawa mkuu. Naapishwa Ijumaa."

Tahir hakuwa mwanawe wa kuzaa. Mwaka wa tisini na moja, vita vilipoingia Kismayu, Safiya, mke wa mfanyabiashara wa mjini, alivuka hadi kisiwa cha Chovae akiwa na kichanga chake. Huko homa ikamshika, maziwa yakakauka, naye akafariki. Barke, Mbajuni wa kisiwa hicho, alikuwa ndiyo kwanza amejifungua binti yake Rawda. Alimpakata yule yatima, akampa titi la pili. Kwa sheria ya dini na kwa desturi ya pwani nzima, maneno yaliishia hapo: Tahir akawa mwanawe, Rawda akawa dada yake, na ndoa baina yao ikawa haramu milele.

Kijana huyo ndiye aliyekuja kuunda kundi la Safu ya Asli. Ilianza kwa mambo ambayo mtu mwadilifu hawezi kuyalaumu. Vijana wake walifagia soko, wakalinda visima, wakawarudishia wanawake simu zao zilizoporwa. Barke mwenyewe aliwapelekea chai. Kisha wakavaa mashati ya rangi moja. Kisha wakawa wanapiga ngumi kifuani kila litajwapo jina la Tahir, na asiyepiga akawa anaulizwa sababu. Matajiri waliodhani kwamba watamtumia kijana, halafu wamweke kando, waligundua kuwa waliowekwa kando ni wao. Mwishowe likaja lile la damu: kwamba pwani ni ya watu wa asli, na Wabajuni wa visiwani ni wageni waliosahau kuondoka. Wengi walijua kuwa ni uongo, wakalipigia makofi, kwa kuwa walikuwa wamechoshwa na vita na walitaka mtu mmoja awaamulie kila kitu.

Barke alilisikia redioni, kwa sauti ileile aliyoifundisha kutamka "mama". Alizima redio, akajiambia kwamba maneno ya jukwaani hubaki jukwaani. Hilo lilikuwa kosa, nalo ni kosa ambalo mama hulifanya kwa urahisi kuliko mtu mwingine.

Tahir alikula mkate wa kwanza na wa pili. Alipoushika wa tatu hakuumega.

"Mama, nina shida. Ndani ya Safu kuna wanaonong'ona. Wanasema maziwa hubeba damu, basi itakuwaje kiongozi aliyekuzwa kwa maziwa ya Mbajuni?"

"Nani aliyewafundisha kwamba maziwa hubeba damu?"

Tahir aliutazama mkate. "Mimi."

Rawda, aliyekuwa akisuuza vikombe pembeni, alicheka bila kugeuka. "Kaka, kamba umeisuka mwenyewe."

"Wewe nyamaza," Tahir alisema, kwa ukali wa ndugu, si wa mtawala. Akamrudia Barke. "Ijumaa, kabla sijaapishwa, kadhi atakuita. Hakuna shahidi mwenye uzito kama mnyonyeshaji mwenyewe. Sema hukuninyonyesha. Sema ulinilea kwa maziwa ya mbuzi. Nami nitawaachia watu wa Chovae kisiwa chao. Ile amri ya kuwahamisha sitaitia saini."

Barke alinawa mikono. Aliutwaa mtandio uliokuwa umeanikwa kambani, akafunika nywele, akafunika shingo, akauvuta hadi yakabaki macho tu.

"Mama, unafanya nini?"

"Ikiwa sikukunyonyesha, wewe ni mwanamume mgeni kwangu. Nikae nawe kichwa wazi kwa haki ipi?"

"Ni maneno ya mbele ya watu tu."

"Na Rawda hapo, ukimtaka, mwoe. Hakuna kizuizi tena."

Tahir aliisukuma sahani. "Usiseme hivyo."

"Umesema wewe. Mimi ninafuata tu mahali neno lako linakokwenda."

"Vua, mama." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Kama wale waliosubiri barabarani wangeisikia, wasingemtambua.

"Liondoe neno lako, nami nitavua."

Barke aliona jinsi alivyotaka kuliondoa, akashindwa. Tahir aliposimama aliunyosha mkono kuubusu mkono wa mamake, kama siku zote aagapo. Akakumbuka ule mtandio. Akaurudisha, akaenda kuvaa viatu.

Jioni Barke alimpigia simu Fumo, mdogo wake, aliyebaki Chovae yeye alipohamia mjini.

"Nisikufiche, dada, habari imeshatufikia," Fumo alisema. "Huku wanataka useme uongo. Wengine wameniapia kwamba hawatakusamehe."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuona. Rawda huku, yeye huku, na wewe katikati unatafuna muhogo mkavu, umebaki mifupa. Nitakuambiaje useme kwamba halikuwako?"

"Mtakaohamishwa ni nyinyi, Fumo. Mimi nina nyumba mjini."

"Mtu anayekana ziwa la mamake, ahadi yake nitailalia vipi? Leo atatuacha, kesho atakumbuka jingine. Sema unalolijua, dada. Sisi tutafunga mizigo."

Barke hakukata simu. Fumo naye hakukata simu. Walisikilizana wakipumua, hadi salio likaisha.

Siku ya Ijumaa ukumbi ulijaa mashati ya rangi ya mchanga. Tahir aliketi mbele, mgongo wima. Kadhi Abdulrahman, mzee mpole ambaye hofu ilikuwa imemkausha midomo, aliuliza kwa sauti ya chini:

"Barke binti Mukhtari, je, ulimnyonyesha mtu huyu?"

Barke alimtazama Tahir, si kadhi.

"Nilimnyonyesha kwa kushiba, usiku na mchana, mpaka akaota meno. Alikuwa mlafi. Akimaliza lake, humnyang'anya dada yake. Wala hakulala mpaka anishike sikio."

Nyuma mzee mmoja alicheka, cheko la mtu anayekumbuka watoto wake. Kijana mmoja wa Safu akatabasamu, kisha akakumbuka alivyovaa. Kwa muda mfupi hapakuwa na kiongozi katika ukumbi ule. Palikuwa na mtoto aliyewahi kupendwa, na kila mtu alimwona.

"Mamake mzazi amezikwa Chovae, katika sanda niliyoikata mimi," Barke aliendelea. "Ni mwanangu. Siwezi kumkana hata kwa faida yake."

"Imethibiti," alisema kadhi, na huo ndio ulikuwa ushujaa wake wote.

Ukweli ule haukumzuia. Tahir aliapishwa saa ileile, na kabla ya alasiri redio ilitangaza kwamba kiongozi hakuwahi kufundisha kuwa maziwa hubeba damu, na kwamba waliovumisha hivyo ni maadui. Waliofundishwa hivyo waliitikia kwa vichwa. Amri ya Chovae ikatiwa saini. Barke hakuguswa, aliwekewa tu mlinzi mlangoni, na Fumo akafika na mkewe, godoro na masufuria, akakaribishwa chumba cha nyuma. Mke wa Fumo hakumsalimia. Barke alimmiminia chai hivyo hivyo, akaiweka karibu na mkono wake.

Magharibi ilipokwisha kuswaliwa, Rawda alimkuta mamake bado juu ya msala.

"Mama, utamtoa katika dua zako?"

"Nimtoe nimpeleke wapi?"

Aliinua mikono. Alimwombea Rawda, akawaombea watu wa Chovae waliolala ugenini, kisha akamtaja Tahir mwana wa Safiya, kama alivyomtaja tangu utotoni mwake. Ila hakumwombea ushindi. Alimwomba Mungu amshinde mapema, angali hai, angali na umri wa kurudi nyumbani.