Siku Tisini za Manda

Iko fimbo isiyotembea, imesimama majini mwaka mzima, na vijiji kumi na kimoja havilali mpaka iseme. Watoto wa jirani siku hizi hunijibu upesi: ni ile nguzo ya kupimia mto, yenye namba nyeusi na nyeupe, chini ya daraja letu. Mwanangu Namdev aliisoma miaka sita, mtumishi wa serikali. Homa ilipomchukua, serikali ilimpa mkewe Manda kazi ile ile, kama inavyowafanyia wajane wa watu wake. Manda akaisoma miaka kumi na minane. Anatazama namba, anaiandika daftarini, anapiga simu ofisini, vijiji vijue kama mafuriko yanakuja. Mvua zikikolea, kila saa.

Mimi ndiye niliyemfanya aiache.

Mwanzo wa mvua niliteleza kwenye jiwe la kufulia, mfupa wa paja ukapata ufa. Binti zangu wameolewa mbali. Manda akawa mtu wa kukimbia, mtoni na kitandani kwangu, mpaka siku moja akanikuta sakafuni, nimelowa, nalia. Sikumwambia acha kazi. Nilisema tu, "Mto una watu wengi wa kuutazama. Mimi nina nani?" Maneno ya namna hiyo sisi wakwe tunajua kuyaangusha. Juma lile lile akaandika barua. Wakaikubali, akakabidhi daftari na funguo, wakamvika shada na kumpa shali na nazi, heshima ya kuagana.

Basi nyumba ikawa tamu. Kuna mtu wa kumwita, akaitika. Wiki ya saba mguu ulipona, na nilijua umepona, maana Manda alipokwenda kusaga unga niliinuka nikaenda hadi jikoni, nikala kipande cha sukari guru, nikarudi kulala. Aliporudi nikaguna kama kawaida.

Lakini kila asubuhi alisimama mlango wa nyuma akitazama rangi ya maji. "Leo mita nne na kitu," anasema, na hakuna anayeandika. Nilikuwa nikimsikia, nikageukia ukutani.

Zikaingia siku kumi na tano za marehemu, ambazo waliotutangulia hurudi kula kwao. Siku hizo hatuozeshi, hatununui, hatuanzi jambo. Siku ya Namdev ilipofika Manda alipika wali, bajia na maziwa ya mchele, akavipanga juu ya jani la mgomba, akaliweka ukutani uani tungoje kunguru. Kunguru akila, marehemu ameridhika. Asipokula, ana kinyongo, na lazima umwahidi kitu.

Kunguru wanne walikuwa juu ya paa la jirani yetu Tara. Hawakushuka.

"Mume wangu, mama yako namtunza," Manda akasema, ameunganisha viganja. Kunguru mmoja akajikuna bawa.

"Nyumba nitaipaka chokaa." Hata hawakugeuka.

"Mwahidi tumbaku," akasema Tara, aliyekuja kusaidia kungoja. "Alikuwa anaipenda huyo."

"Nyamaza, Tara," nikasema. "Unamsema mtu ambaye hayupo kujitetea."

Wali ukapoa. Manda alikuwa amesimama juani, midomo imemkauka, anatafuta la kuahidi, na kila alichokuwa nacho alishanipa mimi. Nikainuka mkekani. Sikushika fimbo.

"Namdev, mguu wangu mzima tangu wiki ya saba. Nimemdanganya mkeo. Atarudi mtoni."

Kunguru mmoja akashuka, akachukua bajia. Labda alikuwa na njaa tu, kunguru ni kunguru. Lakini nilikwisha kusema mbele ya Tara, na lililoingia sikioni mwa Tara halirudi tumboni mwa mtu.

"Wiki ya saba?" akasema Tara. "Na mimi nimekubebea beseni la choo mpaka juzi, dada Rakhma?"

Manda aliosha vyombo vyote, hata visivyochafuka. Jioni akaja akakaa karibu nami.

"Mama, ungeniambia nikae, ningekaa. Kwa nini ulinifanya mjinga?"

"Niliogopa ungekaa kwa huruma."

"Na nilikaa kwa nini?"

Mimi mtega vitendawili, hicho nilikikimbia.

Nikamuuliza kama barua inarudishika. Akasema inarudishika: mtu akiomba, sababu yake ikiwa imeondoka, mwenendo wake safi na nafasi haijajazwa, wakubwa wanaweza kumrudisha. Ila tangu aondoke mpaka awe kazini tena zisipite siku tisini. Zikipita, miaka yake kumi na minane imekufa, hata akiajiriwa upya ataanza kama mgeni.

"Zimekwenda ngapi?"

"Sabini na tisa."

"Basi kesho."

"Kesho bado ni siku za marehemu, Mama. Karani Joglekar hafungui faili siku hizi hata umlilie. Zikiisha zitabaki siku mbili, na moja ni sikukuu, ofisi imefungwa."

"Kesho," nikasema.

Joglekar tulimkuta na alama ya msandali katika paji la uso, faili zilizofungwa vitambaa vyekundu zimerundikana mezani mpaka kidevuni mwake. Akaisoma barua ya Manda ya kuomba kurudi, taratibu.

"Barua nzuri. Njooni mwezi ukiandama. Faili linaloanzishwa siku hizi halifiki, bibi. Nimeyaona mwenyewe."

"Nikutegee kitendawili, mwanangu?"

"Tega, chai yenyewe haijaja."

"Mtu ameacha viatu mlangoni, akaingia ndani. Ametoka, amevaa. Je, amenunua viatu vipya?"

Akacheka puani. "Bibi, ofisi si mlango wa hekalu."

"Baba yako amekwisha kuja kula kwako mwaka huu?"

"Jana. Kunguru hakukawia hata kidogo."

"Basi waliokufa mnawafungulia warudi kwao. Huyu mzima anayerudi kwake mnamwambia ngoja. Hapa kinachoanza ni kipi?"

Joglekar akaizungusha kalamu yake muda mrefu. Kisha akaenda kabatini, akatoa faili kuukuu la Manda, kamba imelegea, kurasa za mwanzo zimekuwa rangi ya chai. Akaitia barua nyuma ya kurasa zote.

"Sijafungua jipya," akasema, akijiambia mwenyewe zaidi kuliko sisi. "Lakini mhandisi anayetoa ruhusa atauliza. Katika barua ya kuacha kazi pameandikwa, mama mkwe hawezi kusimama."

"Mhandisi yuko wapi?"

"Ghorofa ya pili. Ngazi thelathini na nne."

Manda akanishika kiwiko. Nikakitoa. Ngazi ya ishirini paja lilinichoma hata nikaona vimulimuli, na Manda nyuma yangu sikusikia hata anapumua. Mhandisi alikuwa mwanamke, umri wa kitinda mimba wangu. Akanitazama mlangoni, akatazama faili.

"Wewe ndiye sababu?"

"Ndimi. Nimeondoka."

"Nani atakuangalia?"

"Adhuhuri jirani. Saa nyingine mwenyewe."

"Na ukianguka tena?"

Manda akafungua kinywa. Nikamwahi. "Nitakuwa nimeanguka mimi. Barua haitaandikwa tena."

Mhandisi hakutabasamu. Akamuuliza Manda, "Na wewe unasemaje?"

"Nataka mto wangu," Manda akasema. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema anataka kitu.

Ruhusa ilifika siku ya themanini na saba. Siku iliyofuata akaondoka na mwavuli kabla sijapiga mswaki. Nyumba ikawa kubwa. Nilimwita mara mbili kwa mazoea. Adhuhuri Tara akachungulia dirishani.

"Nimetumwa na serikali kuhesabu miguu yako."

"Hesabu uende zako."

Manda alirudi jioni, sari imelowa hadi magotini.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Ulijipakulia?"

"Mwenyewe."

Akanitazama kitambo. Hasira yake haikuwa imeisha, niliiona, nami sikuiharakisha.

"Kesho utachota na maji," akasema, akaenda kunawa miguu.