Hatua ya Saba

Kwa miaka ishirini na mitatu nimewasha boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, la kiwanda cha sabuni, na hakuna mwingine aliyelijua kama mimi. Nilipenda iwe hivyo. Mtu anayehitajika hafukuzwi.

Kisha akaja afisa mafunzo, dada tuliyempachika jina la Mwalimu wa Simu kwa kuwa simu haimtoki mkononi. Akafungua darasa la mtandaoni la viwanda vyetu viwili: kila fundi arekodi anachokijua, wenzake wajifunze, waulize, wasahihishane. Akaniambia, "Mzee Mvuke, mficha uchi hazai." Nikamjibu kimoyomoyo kwamba penye kuku wengi usimwage mtama.

Nikarekodi. Kichwani nilikuwa na hatua nane, kwenye video zikaingia saba. Niliyoiruka ni ile ya saba: kabla ya kuamini kioo kinachoonyesha kiasi cha maji ndani ya boila, fungua koki yake ya chini, maji yatoke, uone kama yanarudi. Uchafu ukiziba njia, kioo hubaki na maji ya zamani huku boila likikauka motoni. Boila kavu hulipuka. Nilijiambia wakikwama watanipigia simu, nami nitaonekana wa maana. Video ikapata nyota mia moja na nne. Nilizihesabu, sikufichi.

Jumatatu saa tatu asubuhi Mwalimu wa Simu akatukusanya mtandaoni, watu arobaini, tumwone mwanafunzi wa kwanza akiwasha boila la kiwanda cha pili kwa kufuata somo langu. Nikajimiminia chai, nikakaa. Kamera ikageuka, na chini ya kofia ngumu nikamwona binti wa marehemu kaka yangu. Mimi nilijua bado anafungasha sabuni.

"Baba mdogo, sikukuambia makusudi," akasema akicheka. "Nilitaka nikushtue."

Moto ulikuwa umewaka nusu saa nzima. Alisoma hatua moja moja kwa sauti, hata kikohozi changu cha kwenye video akakiiga, watu wakacheka. Akaisogeza simu, na kishikio kilichoibeba, karibu na kioo. "Maji yako nusu. Salama."

Nikainamia skrini. Boila likichemka, maji hutetemeka kwenye kioo. Yale yalikuwa yametulia kama maji ya mtungini. Kioo kilikuwa kimeziba. Na niseme ukweli, kwanza nilinyamaza. Nilimwona bosi kwenye kisanduku chake pale juu ya skrini, nikaiona kazi yangu ikienda, nikaanza kutafuta namna ya kumwonya mtoto bila kujitaja. Niliogopa vyote viwili, kazi kwenda na mtoto kulipukiwa, na kwa pumzi tatu hivi sikujua naogopa kipi zaidi.

"Hatua ya saba," akasoma, "ongeza moto." Mkono wake ukaenda kwenye swichi.

"Acha," nikasema. Hakusikia, maiki yangu ilikuwa imefungwa. Nikakosea kuigusa mara mbili. "Mwanangu, zima huo moto. Usiongeze maji, yakigusa chuma cha moto litalipuka. Tokeni nje wote."

"Lakini Baba mdogo, somo linasema..."

"Somo ni bovu. Nilikata hatua makusudi. Zima, utoke."

Akazima. Nikasikia nyayo zikikimbia. Simu yake ikabaki kwenye kishikio, ikituonyesha boila peke yake likivuma. Nilikaa nikilitazama lile dude la chuma, jasho jembamba likinitoka, nikisubiri lipasuke. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya kumzika kaka yangu.

Halikupasuka. Saa nane mchana, lilipopoa, tukaitwa tena darasani. Binti akafungua koki ya chini mbele ya kamera. Maji ya kioo yakamwagika, hayakurudi.

Akaifunga koki, akavua kofia. Nilidhani atanishukuru, maana binadamu haishiwi ujinga.

"Baba mdogo, nikuulize. Ningekuwa mtoto wa mtu mwingine, ungesema?"

Bosi alikuwa anasikiliza. Mwalimu wa Simu alikuwa ameiweka simu chini, mara ya kwanza kumwona hivyo. Nilitaka kujibu ndiyo. Maiki yangu ilikuwa wazi, wote walikuwa wakisubiri, na ile ndiyo haikutoka.